Ndevu za Bibi Harusi

Sehemu ya Saba

"Ukiufyatua huo mwale, umemchoma!"

Ndiyo sauti iliyotukatiza wiki jana, msomaji wangu. Sabra alikuwa chali juu ya kitanda cha saluni ya Kondo pale Kibiti, miwani nyeusi machoni, kidevu kimepakwa dawa inayoteleza, mashine inanguruma kama friji bovu. Na wewe wiki nzima unajiuliza: nani huyo mlangoni?

Haya. Mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Ukatangulia mwavuli. Nyuma ya mwavuli akaingia Bi Mwanaamina, kungwi wa Sabra, aliyemweka ndani akamcheza tangu angali kigori. Nyuma yake mwanamke mwembamba, koti jeupe, viatu vina tope; sauti ile ilikuwa yake.

"Somo!" Sabra akakurupuka. "Umenifuata?"

"Nimekufuata, ndiyo! Mwali wangu anatoka Salale na boti ya alfajiri, ananidanganya anakwenda kununua mashuka ya harusi. Mashuka gani hayo yananunuliwa umelala chali?"

Kondo akajitunisha. Fulana inambana, mkufu unameta, manukato yanafika barabarani. "Bibi, hapa ofisini kwa watu. Nina cheti."

Akaonyesha ukutani. Kweli, cheti kilikuwapo, ndani ya fremu, muhuri mkubwa kama kisosi. Kilisainiwa na Bwana Saadi, mkubwa wa vibali, ambaye amemuoa dada yake Kondo. Kilitoka kwa siku moja. Wewe jaribu kuomba kibali cha kuuza maandazi uone kama hutazeeka kwenye benchi.

Sabra hakujali cheti. Alijali kidevu.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, muuza kamba wakavu wa Salale, mcheshi, mchapakazi, na tangu ana miaka ishirini Mungu alimwotesha ndevu. Si vinyweleo. Ndevu. Kila alfajiri kioo na wembe, kisha ushungi umefungwa mpaka chini ya mdomo. Mchumba wake wa kwanza aliziona, akazipeleka kijiweni. Tangu siku ile wahuni walimwita Bwana Sabra, na posa ikavunjika.

Sasa kapatikana Miraji, fundi wa injini za boti, mwanamume wa maana, taulo lake shingoni mvua au jua. Harusi ilikuwa imebaki Ijumaa tatu. Na Miraji hajui.

"Nisipoziondoa," Sabra alimwambia somo yake huku machozi yamemlenga, "nitaitwa Bwana Sabra hata ndani ya nyumba ya mume."

Yule mwenye koti jeupe akasogea. "Naitwa Shamsia, dada. Daktari wa ngozi, mtoto wa kijijini Mahege; somo yako kanikuta ng'ambo ya barabara. Kabla hajakugusa, mwambie akuonyeshe karatasi ya rangi iliyo pembeni mwa hiyo mashine."

"Hakuna karatasi!" Kondo akasema upesi mno.

Pembeni mwa mashine palikuwa na stika: KARIBU MTEJA. Daktari akaingiza ukucha, akaibandua. Chini yake kukatokea miraba sita ya rangi, imepangwa safu moja. Wa kwanza mweupe kama maziwa. Wa pili chai iliyozidi maziwa. Wa tatu chai ya maziwa haba. Wa nne chai ya rangi. Wa tano kahawa, na wa sita kahawa ya buni iliyoungua. Ile miwili ya mwisho imepigwa alama ya X.

Sabra akaweka mkono wake kando ya mraba wa sita. Ulikuwa kama umekatwa kwenye ngozi yake.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Hiyo X maana yake chagua hapa!" Kondo akadakia. "Kama kwenye kura!"

Bi Mwanaamina akamtazama kuanzia kandambili hadi kipara. "Ndiyo maana tunachagua vibaya kila uchaguzi."

Daktari Shamsia hakucheka. Akamgeukia Sabra. "Sikiliza, dada. Mwale huu unatafuta weusi. Ukiukuta, unautia moto. Kwa mtu mweupe cheusi ni unywele peke yake, ngozi inapona. Kwangu mimi na wewe, ngozi nayo ina weusi wake. Mwale huu haujui kuuliza huu ni unywele au huu ni uso wa mtu."

"Kama mgambo," akasema Bi Mwanaamina. "Katumwa mwizi mmoja, anabeba soko zima."

"Ndivyo hasa, bibi."

"Fitina!" Kondo akapiga kelele. "Fitina za biashara! Mashine hii haichomi mtu!"

"Basi jipige," akasema Sabra.

"Mimi?"

"Wewe. Rangi yako na yangu zimepishana kidogo tu. Jipige nikuone."

Hapo Kondo akafanya upuuzi ambao mwanamume huufanya pale tu wanawake watatu wanapomtazama. Akakunja mkono wa fulana, akakandamiza mashine juu ya kifundo cha mkono, akafumba jicho moja, akabonyeza.

Paa! Mwanga. Harufu ya kuku anayebabuliwa.

"Mamaaa! Mama yangu weee!"

Akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Juu ya mkono wake ukabaki mraba, umenyooka pande zote nne, unavimba mbele ya macho yao.

"Muhuri," akasema Bi Mwanaamina. "Sasa una vyeti viwili."

Daktari, pamoja na yote, alimshika Kondo mkono akauweka chini ya bomba la maji baridi, akamwambia akae hapo dakika ishirini asipake dawa ya meno wala asali. Ndivyo alivyo mwenye elimu ya kweli. Mimi ningemwacha.

Walivuka barabara. Daktari Shamsia alikodi vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, na alikuwa akija Kibiti Jumamosi mbili kwa mwezi. Naye alikuwa na mashine. Kibali chake kilikuwa kinasubiri barua, na barua inasubiri barua nyingine, na hiyo nyingine iko kwenye meza ya Bwana Saadi, chini ya birika la chai. Yenye kuchoma imepata muhuri, isiyochoma inazungushwa. Walimpa karatasi ya muda tu, aende nayo hivyo hivyo.

"Hii nayo ni ya mwale," Daktari akamwonyesha Sabra, "ila wake ni mrefu zaidi. Unapita juu ya ngozi bila kuing'ang'ania, unazama mpaka kwenye shina la unywele. Na kichwa chake kinapoza ngozi huku kinapiga. Kwa rangi yetu, hii ndiyo ya kutumia."

"Haichomi?"

"Ikipandishwa moto kwa pupa, inachoma. Mashine nzuri kwenye mkono mbaya ni panga, dada. Unaanza chini, unapanda taratibu."

"Basi washa, dokta. Mimi nimeshalala." Na kweli alikuwa ameshapanda kitandani.

"Siwashi."

"Eee?"

"Leo nakupiga pahala padogo, kama sarafu, hapa chini ya taya pasipoonekana. Unarudi baada ya wiki mbili nipatazame. Ngozi yetu haisemi siku hiyo hiyo. Hukaa kimya, halafu inakuletea doa jeusi wiki ya pili. Nikiona pametulia, ndipo napiga kidevu kizima."

Sabra akahesabu. Wiki mbili. Inabaki siku sita kabla ya Ijumaa ya ndoa. "Kisha zimekwisha?"

Daktari akavuta kiti. Hapo ndipo Sabra alipojua kuna habari mbaya, maana daktari akivuta kiti ujue.

"Haziishi kwa siku moja. Mara sita, pengine nane, kila baada ya mwezi au zaidi. Anayekuahidi mara moja anakudanganya. Na damu yako nitaipima, maana ndevu nyingine zinasukumwa na homoni. Tukizikata juu huku chini zinamwagiliwa, tutakuwa tunapalilia mpaka tuzeeke."

Sabra akageukia ukuta. Bi Mwanaamina akampapasa mgongo, kisha akamkabili daktari kama askari anayepokea zamu. "Nipe masharti. Mimi sikusoma, lakini nikishika nimeshika."

"Jua lisimpige usoni."

"Jua." Kidole cha kwanza.

"Mkorogo wa kung'arisha ngozi, marufuku."

"Kwangu haujaingia mkorogo wala hautaingia. Jingine."

"Singo ya manjano usoni iache kwanza. Ngozi ije na rangi yake."

Bi Mwanaamina akameza mate. Bibi harusi bila singo ya uso! Lakini akakunja kidole cha tatu. "Jingine."

"Piko na wanja visikae karibu na kidevu. Piko ni nyeusi, mwale utaifuata."

"Piko. Wanja. Basi?"

"Basi."

Msomaji, lishike hilo neno. Basi.

Akavishwa miwani mizito. Baridi ikamgusa chini ya taya. Kisha cha! Kama mtu kakuvutia mpira wa kufungia nywele akauachia. Cha! Cha! Mara tatu.

"Tayari," akasema Daktari.

"Ndiyo hiyo tu? Mimi nimesharudia shahada hapa!"

Wiki mbili zile Salale ilipata sinema ya bure.

Kamba hukaushwa na jua, na mwenye kamba analikimbia jua. Sabra alikaa kivulini anaelekeza kwa fimbo, mdogo wake Sihaba ndiye anageuza mikeka. Akitoka, Bi Mwanaamina yuko nyuma na mwavuli. Akipanda boti, mwavuli. Akienda chooni, mwavuli unamsubiri nje.

"Sabra kawa mkubwa siku hizi," wakasema vijana kule gatini.

"Mkubwa gani anafika Salale?" mwingine akajibu. "Huyo atakuwa anaumwa tu."

Miraji akapiga simu kutoka Kibiti. "Bibie, mbona video hupokei?"

"Mwali haonwi, Miraji. Uliza wakubwa wako."

"Hata uso?"

"Uso ndio mwenyewe."

Akacheka, na kicheko chake kikamwingia Sabra mpaka kwenye mbavu. Akakata simu, akachukua kioo, akainua taya.

Akaita nyumba nzima.

Pale pahala padogo kama sarafu palikuwa laini. Hakuna doa. Hakuna kovu. Hakuna unywele! Nywele za pale zilikuwa zimejidondokea zenyewe, moja moja, na chini yake ngozi yake nyeusi inang'aa kama kokwa la stafeli lililolambwa. Sabra akakibusu kioo. Bi Mwanaamina akapiga kigelegele, kisha akakiziba kwa kiganja, maana majirani wangetaka kujua kinashangilia nini.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakawa Kibiti. Mwavuli, ushungi, na furaha.

Daktari Shamsia akaipapasa ile alama chini ya taya. "Alhamdulillahi. Ngozi yako imekubali. Leo tunaanza kazi." Akavuta taa, akaishusha kidevuni. Akaisogeza taa kushoto. Akaisogeza kulia.

"Sabra. Ndevu ziko wapi?"

Bi Mwanaamina akajikohoza kwa fahari. "Nimezinyonyoa."

"Ume...?"

"Zote! Jana baada ya alasiri. Kwa majivu, unywele mmoja mmoja, na mzizi wake. Hata mmoja sikukata. Mwali wangu aende kwa watu na kidevu kama beberu? Ningekuwa kungwi gani mimi? Toka enzi za bibi yangu, mwali hatoki kwangu na unywele mwilini."

Daktari akakaa. Safari hii hakuvuta kiti, kiti ndicho kilichomdaka.

"Bibi," akasema taratibu, "mwale hushika unywele ulio ndani ya ngozi, unateremka nao mpaka kwenye shina, ndipo unaliua. Unywele ukinyolewa kwa wembe, ndani umebaki, njia ipo. Ukinyonyolewa, njia hakuna. Leo nikipiga, napiga nyumba isiyo na mtu."

Daktari akaizima taa.

"Nilikupa masharti..."

"Ulinipa!" Bi Mwanaamina akainua vidole vyake. "Jua. Mkorogo. Manjano. Piko na wanja. Nikauliza basi? Ukasema basi! Kunyonyoa hukusema!"

Daktari Shamsia akavihesabu vile vidole. "Sikusema," akakiri. "Miaka yote ile nimekaa darasani, majivu hayakutajwa hata siku moja. Na mimi mtoto wa Mahege, nimenyonyolewa kwa majivu hayo hayo. Kosa ni langu, bibi."

Akaanza kucheka. Bi Mwanaamina akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

Sabra hakucheka.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Wiki nne, pengine tano, mpaka zote ziote tena. Na kuanzia leo wembe tu. Kunyonyoa marufuku."

Sabra akapiga hesabu, na hesabu ikampiga yeye. Ijumaa atakuwa laini kama yai. Lakini fungate haijaisha, ndevu zitachungulia. Akizinyonyoa kwa siri, hatapona maisha yake yote. Akizinyoa, itambidi atoe wembe ndani ya chumba cha mume, mke wa siku saba!

"Tunyonyoe tu, mwanangu," Bi Mwanaamina akanong'ona. "Mimi nitakuwa nakuja kila wiki. Nitasema naleta samaki."

"Na ukifa, somo?"

"Sifi mimi upesi."

"Wote husema hivyo." Sabra akafunga ushungi wake. "Nitamwambia Miraji. Kabla ya Ijumaa. Akinikimbia, anikimbie nikiwa kwetu."

Akafungua mlango, akatoka kwenye chumba cha kungojea. Kulikuwa na benchi, na watu sita juu yake. Wa mwisho, kichwa chini, taulo shingoni, alikuwa Miraji.

Macho yakakutana. Miraji akasimama kama aliyeguswa na umeme.

"Sabra! Mimi... nimekuja kutengeneza jenereta ya dokta."

"Na mimi nimekuja kuuza kamba."

"Kamba wako wapi?"

"Jenereta iko wapi?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akajifanya anakohoa.

Miraji akajikuna sikio. Kisha, kama mtu anayejitupa majini, akalivuta taulo. Shingo nzima, kuanzia taya hadi kwenye koo, vipele. Vikubwa, vidogo, vingine vyeusi, vingine vimechubuka.

"Nikinyoa, ndevu zinajikunja zinarudi ndani ya ngozi," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka kumi. Hata siku ya posa nilivaa skafu, wakadhani mimi ni bishoo wa Dar. Niliogopa utasema nina ukurutu. Nikasikia huyu dokta ana mwale wa ngozi nyeusi, nikasema nifike Ijumaa shingo safi. Wiki mbili zilizopita kanipiga pahala padogo, leo nimekuja kuonyesha." Akatabasamu kidogo. "Nimekuficha, bibie. Nisamehe."

Sabra akamtazama. Roho yake ikayeyuka, na papo hapo ikaganda. Mwanamume mwenye vipele ni mwanamume mwenye vipele, yamekwisha. Mwanamke mwenye ndevu ni hadithi ya kijiwe. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, ni kuingia tu.

"Miraji, na mimi nina..."

"NANI MWENYE MAHALI HAPA?"

Mlango wa nje ukafunikwa na tumbo. Suti nyeusi, joto lote lile, kola ya koti imesimamishwa mpaka masikioni. Mkononi kufuli jipya, ufunguo umening'inia. Nyuma yake Kondo, kitambaa kimefungwa mkononi, anacheka meno yote.

Bwana Saadi. Mkubwa wa vibali. Mtu ambaye ukimtafuta ofisini yuko kwenye kikao, na leo Jumamosi kapata nafasi.

Daktari Shamsia akatoka na karatasi yake. "Mimi, mheshimiwa. Kibali cha muda hiki hapa."

"Sikuja kusoma. Nimekuja kufunga." Akaliona mezani daftari la majina ya wagonjwa, kubwa, la jalada la bluu, akalinyakua kabla Daktari hajalifikia.

"Hizo ni siri za watu!"

"Serikali haina siri." Akalamba kidole. "Tuone matibabu gani ya ajabu yanafanyika hapa. Haa! Kondo, sikiliza hii. 'Sabra binti Khamisi, wa Salale. Tatizo: ndevu.'" Akapasua kicheko. "Ndevu! Mwanamke! Yuko wapi huyo Bwana Sabra? Asimame tumwone!"

Bwana Sabra.

Jina lile lile. Sabra akasikia kijiwe cha miaka minane iliyopita kinacheka upya. Akasikia masikio yanamwaka. Bwana Saadi hakumjua kwa sura. Angekaa kimya, angetoka polepole nyuma ya mwavuli, na Miraji angejifanya hakusikia.

Akasimama katikati ya chumba.

"Ni mimi."

Kicheko cha Saadi kikakatika.

Sabra akafungua ushungi, akauacha mabegani. Hakumtazama Saadi. Alimtazama Miraji. "Ni mimi. Nina ndevu. Leo hazipo, zimenyonyolewa jana, lakini zinarudi. Kila mwezi nitakuwa nakuja hapa kupigwa mwale, na katikati nitanyoa kwa wembe. Nilitaka kukwambia. Kanitangulia huyu."

Bi Mwanaamina akauma ncha ya kanga.

Miraji akakitazama kile kidevu. Akalitazama daftari. Akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya tumbo la Bwana Saadi.

"Mkubwa. Geuza ukurasa."

"Nini?"

"Geuza. Yuko mtu anaitwa Miraji bin Abbasi. Soma na tatizo lake, kwa sauti ile ile."

Saadi akageuza bila kujijua. Midomo ikatembea. "Tatizo..." akasema, "...ndevu."

"Haya. Ijumaa baada ya sala, ndevu hizo mbili zinafunga ndoa. Ukija, njoo umeshanyoa."

Benchi zima likalipuka! Mzee mmoja alipiga paja lake, mwanamke wa kikohozi cha uongo akakohoa kweli. Bi Mwanaamina akaachia kigelegele alichokizuia tangu Salale, kikatoka kirefu mpaka watu wa duka la dawa wakachungulia dirishani. Sabra akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika, na Miraji akainama. "Bibie, unalia au unacheka?"

"Sijui! Niache!"

"Wembe wangu ni mzuri kuliko wako," akamnong'oneza. "Tutakuwa tunaazimana."

Mtu asiyewahi kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia maneno ya kipuuzi kama hayo hawezi kujua thamani yake. Tuendelee.

"Nje wote!" Bwana Saadi akafoka, jasho linamtoka. "Nje! Nafunga!" Akageuka, akainama kutia kufuli kwenye kitasa. Tumbo likamzuia. Akainama zaidi. Kola ya koti ikalegea, ikaanguka.

Sabra ndiye aliyeona kwanza.

Kwenye kisogo cha Bwana Saadi, palepale nywele zinapoanzia, kulikuwa na miraba mitatu. Imepangwa safu moja, imenyooka pande zote nne. Mmoja umebabuka mweupe, miwili imeiva myeusi tii, kingo zina magamba.

Akageuka kumtazama Kondo. Kitambaa cha mkononi kilikuwa kimelegea. Mraba ule ule.

"Bwana Saadi," akasema Sabra, na sauti yake ilikuwa tamu kama uji wa harusi, "hicho kisogo kakupiga muhuri nani?"

Mkono wa Saadi ukaruka nyuma ya shingo. Kufuli likaanguka chini, ngaa! Daktari Shamsia akasogea, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Mheshimiwa, hilo ni jeraha la mwale. Una siku ngapi nalo? Mbona hukutibiwa?"

Mkubwa akatazama chini kama mtoto aliyekojoa kitandani. "Alisema vipele vya kisogo vitaisha mara moja," akajibu kwa sauti ndogo. "Alisema nikisaini cheti, mimi nitakuwa wa kwanza, bure."

"Shemeji!" Kondo akapiga yowe, rangi imemtoka. "Ishia hapo hapo! Usiwaambie wako wangapi!"

Chumba kizima kikamgeukia.

"Wangapi?" akauliza Daktari. "Umechoma watu wangapi, Kondo?"

Kondo akarudi nyuma hatua moja, akageuka, akaurukia mlango.

Mlango ulikuwa umefungwa. Bi Mwanaamina alikuwa amesimama mbele yake, mwavuli begani kama bunduki. Alikwisha kusukuma komeo la ndani, akaliokota kufuli jipya la Bwana Saadi mwenyewe, akalifunga nalo. Na ufunguo alikuwa anautia kifuani, taratibu, bila haraka, mahali ambapo hata mkubwa wa vibali hana kibali cha kuingia.

"Kaeni, baba zangu," akasema. "Foleni inaanzia pale."